Rili ya Miss McLeod: kutoka Skye hadi Chicago

Mwaka 1809, ukoo wa Gow, wapiga fidla na wauza muziki wa Edinburgh, ulichapa mkusanyo wake wa tano. Ndani yake ilikuwamo rili iliyoitwa kwa jina la Bibi McLeod wa Raasay, kisiwa kilicho jirani na Skye, magharibi mwa Uskoti. Kitabu kilieleza kuwa ni rili ya asili ya Skye, na kwamba aliyeileta ni Bwana McLeod.

Rili ni muziki wa kuchezea, wa mapigo manne na mwendo wa kasi. Huwa na sehemu mbili fupi zinazopokezana, zikarudiwa mpaka wachezaji watosheke. Muziki wa aina hii ulianza kuenea Ireland mwishoni mwa karne ya 18 ukitokea Uskoti, na Waairishi wakaupenda kuliko ngoma zao nyingi. Huko "Bibi" akageuka "Miss", na wapigaji wakaifunza rili yake kwa sikio, kila mmoja akiipamba kwa mkono wake.

Wahamiaji wakaibeba hadi Marekani. Wapiga fidla wa kusini mwa nchi hiyo wakaipa majina mengine, kama "Hop Light Ladies" na "Uncle Joe".

Chicago ndiko ilikoingia katika kitabu cha Francis O'Neill, mkusanyaji wa muziki wa Kiairishi. Alizaliwa mwaka 1848 Tralibane, karibu na Bantry, Ireland, akatoroka kwao akiwa kijana na kuwa baharia. Mwaka 1873 alijiunga na polisi wa Chicago, na muda mfupi baadaye mwizi akampiga risasi. Risasi hiyo alikaa nayo mwilini maisha yake yote. Kuanzia 1901 hadi 1905 alikuwa mkuu wa jeshi hilo la polisi. Alikuwa na kipaji cha kushika muziki kichwani, lakini hakuwa hodari wa kuandika noti. Kazi hiyo ikamwangukia sajenti James O'Neill, mpiga fidla kutoka kaskazini mwa Ireland, asiye na udugu naye. Francis alipiga filimbi au mluzi, James akaandika. Kitabu chao cha 1903 kilikusanya tungo 1,850, na kile cha 1907 tungo 1,001 za kuchezea. Rili ya Miss McLeod imo.

Dublin nako, Breandán Breathnach, mtumishi wa serikali, alitoa juzuu ya kwanza ya mkusanyo wake wa muziki wa kuchezea wa Kiairishi mwaka 1963. Yeye aliandika muziki jinsi mpigaji fulani alivyoupiga, pamoja na mapambo yake.

Kwa asili rili hii ni ya Uskoti, na hati ya Gow inatosha kuthibitisha. Lakini Waairishi wameipiga kwa zaidi ya karne moja, nao wana haki ya kuiita yao. Msomaji anayetaka kuijua aisikilize kwanza kwa wapigaji wawili au watatu tofauti, ndipo afungue kitabu cha O'Neill.