Shaba na Viumbe vya Bahari: Habari za Jaribio la Humphry Davy

Mabaharia wa pwani yetu walijua tangu kale kwamba chombo kikaacho majini bila kutunzwa huliwa. Kwa hiyo walikipweleza ufukoni, wakakipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, duhn, maana yake mafuta. Waingereza, katika karne ya 18, walishika njia nyingine, nayo ikazusha swali kubwa: madini huwadhuruje viumbe vya bahari?

Mwaka 1761 manowari iitwayo Alarm ilifunikwa tumboni kwa mabamba membamba ya shaba. Ilipokaguliwa baada ya safari za West Indies, mbao zilikuwa salama, hazikutobolewa na wadudu. Ila misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika. Hata hivyo desturi hiyo ilienea. Lakini shaba nayo ililika baharini, na gharama ya kuibadilisha ilikuwa kubwa.

Mwaka 1823 wakuu wa manowari walitaka shauri kwa Royal Society, ambayo rais wake alikuwa Humphry Davy. Mwaka 1824 Davy alionyesha kwamba kipande kidogo cha zinki au cha chuma, kikiunganishwa na shaba katika maji ya chumvi, hulika chenyewe na kuinusuru shaba. Vipande hivyo vikatiwa katika merikebu. Shaba ikabaki nzima, kama alivyosema. Lakini mwani na wanyama wadogo wenye magamba wakajishikiza juu yake, na mwendo wa vyombo ukapungua. Mwaka 1825 ikatoka amri viondolewe, na lawama zikamwangukia Davy.

Wengi huisimulia habari hii kama kisa cha mtaalamu aliyeshindwa. Kwa maoni yangu, thamani yake imo katika kushindwa huko. Ingeweza kudhaniwa kwamba bamba huwazuia viumbe kwa ugumu wake tu. Lakini hapa shaba ilikuwa ile ile na bahari ile ile. Kilichobadilika ni kwamba haikuyeyuka tena. Basi yabainika kuwa kinachoua si bamba, bali ni ile shaba iingiayo majini kidogo kidogo. Kilichohesabiwa kuwa hasara ndicho kilichokuwa kinga.

Wala shaba si adui kwa asili yake, maana kaa na ngisi wanayo katika damu zao. Kiasi ndicho kiifanyacho sumu. Jambo hili lilisahauliwa katika karne ya 20, rangi za merikebu zilipotiwa sumu ya bati iitwayo tributilini. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza waliharibika magamba na kushindwa kuzaa. Ufaransa iliizuia sumu hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa 2001 yalianza kutumika 2008. Sumu iliyokusudiwa tumbo la chombo haikukaa hapo. Iliwafikia hata viumbe wasioligusa kamwe.