Rangi Inayoua Ikimulikwa

Majira ya baridi ya 1897–98, mjini Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab alikuwa akipima sumu ya rangi iitwayo akridini. Aliitia kwenye maji yenye paramesia, vijidudu vya seli moja, kisha akahesabu muda hadi vife. Dozi ni ileile, majibu hayafanani: leo vinakufa upesi, kesho vinaogelea tu. Wengine wangetupa majibu hayo. Raab akashuku mwanga wa chumbani, akajaribu kimoja kimoja. Rangi peke yake gizani haikufanya makubwa. Mwanga peke yake haukudhuru. Viwili pamoja viliua.

Mwaka 1903 mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, na daktari wa ngozi Albert Jesionek walipaka rangi ya eosini kwenye saratani za ngozi na kuzimulika. Tappeiner alitambua pia kwamba bila oksijeni kazi haifanyiki. Naye daktari Friedrich Meyer-Betz, mwaka 1912, alijidunga miligramu 200 za hematoporfirini, kitu kingine kinachoamshwa na mwanga, kisha akatoka juani. Uso na mikono vilivimba vibaya, na kwa wiki nyingi jua likabaki adui yake. Ujasiri wa namna hiyo leo hakuna kamati ya maadili ingeuruhusu.

Kisha miaka ikapita bila tiba ya maana, hadi mtafiti Thomas Dougherty wa Buffalo, Marekani, alipotoa mwaka 1978 taarifa ya wagonjwa 25 waliotibiwa kwa dawa ya jamii ya hematoporfirini na mwanga mwekundu. Kanada iliidhinisha dawa ya jamii hiyohiyo, Photofrin, mwaka 1993, kwa saratani ya kibofu.

Lakini seli inauawa na nini hasa? Dawa ikimulikwa huipa oksijeni nguvu, nayo huunguza chochote kilicho jirani. Oksijeni hiyo huzimika mara moja, kabla haijavuka hata sehemu ndogo ya upana wa seli. Kwa hiyo dawa ilipojificha ndipo panapoungua. Mtafiti David Kessel wa Detroit alitumia miaka mingi kufuatilia maficho hayo. Dawa ya verteporfini huumiza mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na seli huanza kujiua yenyewe. Dawa nyingine, talaporfini, hukaa kwenye lisosomu, vifuko vya vimeng'enya. Katika seli za maabara, yeye na wenzake waliona kwamba kuumiza lisosomu kidogo kwanza, halafu mitokondria, huua seli nyingi kwa dozi ndogo ambazo kila moja peke yake ingefanya kidogo.