Mbwa abakiaye nyumbani Kampala: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka

Katika Ntinda, Naalya, Kira na viunga vingine vya Kampala, wakazi wengi hutoka majumbani alfajiri ili wakwepe msongamano wa magari, na hurejea giza likiwa limekwisha kuingia. Nyuma yao hubaki mbwa. Makala hii inaeleza ni kwa muda gani mbwa aweza kuachwa peke yake, namna ya kumwandalia siku yake, na kwa nini jambo hilo linagusa pia usalama wa majirani.

Nyumba ina watu, mbwa yu peke yake

Ni nadra nyumba ya Kampala yenye ua na geti kuachwa tupu kabisa. Pengine yupo msaidizi wa kazi za nyumbani, pengine mlinzi, pengine jamaa aliyetoka kijijini kuja kusoma. Hata hivyo mbwa aweza kuwa mpweke kutwa nzima, kwa kuwa desturi iliyozoeleka ni kumfungia bandani mchana na kumfungulia usiku ili alinde. Mbwa ni mnyama wa kundi. Kusikia sauti za watu nyuma ya ukuta si sawa na kuwa pamoja nao.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungiwa huwa mkali, na kwamba ukali ndio ulinzi. Mara nyingi ukali huo ni hofu. Mbwa asiyezoezwa watu hawezi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyeufuata mpira wake. Tena hubwekea kila kipitacho, hata wenyeji wakaacha kumsikiliza, na siku mwizi ajapo kelele zake hazimwamshi mtu.

Kwa muda gani?

Nchini Uingereza, shirika la kutibu wanyama la PDSA hushauri kwamba mbwa mzima asiachwe peke yake kwa zaidi ya saa 4 mfululizo. Watoto wa mbwa huhitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwa sababu hula mara 3 au 4 kwa siku na hawawezi kujizuia mkojo kwa muda mrefu.

Kwa mfanyakazi wa Kampala kipimo hicho chaweza kuonekana kizito, lakini hakimtaki aache kazi. Kinamtaka aikate siku ya mbwa katikati. Mtu mmoja ambaye mbwa anamfahamu amfungulie adhuhuri, ambadilishie maji, amtembeze au acheze naye kwa nusu saa. Kazi hiyo itajwe wazi katika mapatano na msaidizi wa nyumbani, na ilipwe. Asilazimishwe mtu amwogopaye mbwa, wala yule ambaye dini yake humtaka ajiepushe na mate ya mbwa. Badala yake atafutwe jirani au kijana wa mtaani anayeaminika.

Dalili za mbwa anayeteseka

Mbwa asiyestahimili kuachwa hulia kwa sauti ndefu, hukwaruza mlango, huchimba chini ya geti, hutokwa na mate mengi, au huzunguka mahali pamoja bila kutulia. Aghalabu dalili hizo huanza katika nusu saa ya kwanza baada ya mwenyewe kuondoka. Simu iliyoachwa ikirekodi itaonyesha ukweli.

Mwenye nyumba akikuta uharibifu, asimpige. Mbwa hawezi kuihusisha fimbo ya jioni na kosa la asubuhi. Anachojifunza ni kuogopa marejeo ya bwana wake. Tiba ni mazoezi ya pole pole: kutoka kwa dakika 2 na kurudi, kisha 5, kisha 15, bila vishindo wakati wa kuaga wala wa kurejea. Hali ikizidi, aonwe daktari wa mifugo.

Kabla ya kufunga geti

Mbwa aliyetembezwa asubuhi hulala sehemu kubwa ya mchana, kwa hiyo dakika 30 za matembezi huzaa utulivu. Chakula chake, ambacho Kampala mara nyingi ni posho na mukene, chaweza kufichwa sehemu ndani ya kitambaa kilichokunjwa ili apate shughuli ya kukitafuta.

Maji yasikosekane. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita 1 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Bakuli liwe zito, lisipinduke. Banda la mabati lisilo na kivuli huwa kama tanuri adhuhuri, na mvua ikinyesha huwa kama ngoma. Kampala iko karibu na Ziwa Victoria, eneo lenye radi nyingi, na katika misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mbwa aogopaye ngurumo apewe mahali pa kujificha ndani ya jengo.

Minyororo mifupi iepukwe, kwani humjeruhi shingo na kumwongezea ukali. Uganda imekuwa na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu mwaka 1957.

Sikukuu za mwisho wa mwaka

Kila Desemba wakazi wengi wa Kampala husafiri kwenda vijijini. Kumwachia mbwa gunia la chakula na beseni la maji kwa siku kadhaa si matunzo. Apatikane mtu wa kumwangalia kila siku, mwenye namba ya simu ya daktari. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, fataki huwafanya mbwa wengi waruke kuta na kupotea. Wafungiwe ndani kabla ya saa 6 usiku.

Geti likibaki wazi

Mbwa aliyechoshwa na upweke hutafuta upenyo, na mbwa azururaye ni hatari kwa wote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaodhurika zaidi. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu daima huua.

Kinga ipo. Mbwa achanjwe afikishapo miezi 3 na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na ni wakati mwafaka wa kuulizia kampeni za chanjo katika ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.