Rula Haijui Siasa

Ukiweka rula kwenye atlasi, kutoka London hadi Johannesburg ni kilomita 9,000 na ushee. Leo ndege inakata umbali huo kwa masaa 11 hivi, basi. Lakini, ndugu msomaji, nimeifuatilia historia ya njia ile nikaona kwamba kilomita ni jambo moja na safari ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kubeba abiria kutoka London hadi Cape Town. Njiani ndege zilitua Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya. Usiku abiria walilala hotelini. Safari nzima ilikula zaidi ya siku 10! Kisha tarehe 2 Mei 1952 ikaja Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa nauli. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijaisha.

Hebu yasome tena majina hayo. Karibu njia yote ya Afrika ilipita juu ya watu ambao hawakuulizwa kitu. Wao walisikia mngurumo tu.

Mwaka 1963 wakaulizwa. Mwezi Mei nchi huru zilikutana Addis Ababa zikaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na ilipofika Agosti nchi nyingi zikawa zimeifungia South African Airways anga lao. Yaani nchi changa, nyingine hata jeti hazina, zinamwambia Kaburu: hapa hupiti! Ikabidi azunguke baharini, aikwepe nundu yote ya Afrika Magharibi, akitafuta mafuta Luanda na kisiwa cha Sal, kote huko kukiwa bado chini ya Mreno. Masaa yakaongezeka, na gharama nazo.

Najua wapo watakaoniuliza: sasa ilisaidia nini? Pretoria si ilinunua Boeing 747SP, na Machi 1976 moja ikaruka kutoka Marekani hadi Cape Town bila kutua, zaidi ya kilomita 16,000? Na Cape Verde, hata baada ya uhuru wa 1975, si iliendelea kuzipokea ndege zake pale Sal kwa kuwa visiwa vilihitaji fedha? Ni kweli, sikatai. Ubaguzi haukuangushwa na mzunguko wa ndege. Ila kwa karibu miaka 30 kila safari ile ililipiwa zaidi, kwa sababu kuna watu walisema hapana.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, habari za marubani na jeti zao zimeandikwa tele. Za makarani waliopiga chapa amri zile, na waongoza ndege waliozitekeleza, ziko wapi? Kama bado wapo, wamezeeka sana. Tuwaendee na daftari sasa hivi.