Randa na misumeno ya kale: Hazina inayopimwa kwa kilo

Katika Kisiwa cha Remba, Kaunti ya Homa Bay, uhai wa mvuvi hutegemea ubao. Kisiwa hicho kidogo cha miamba kimejaa nyumba za mabati zilizobanana, na wakazi wake ni wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Samaki aina ya mbuta anayepelekwa sokoni, unga unaopikwa jioni na mgonjwa anayekimbizwa nchi kavu, vyote hubebwa na mashua.

Nyingi za mashua hizo zingali za mbao, ingawa za faiba nazo zimeingia ziwani. Fundi huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, kisha akapanga mbao ubavuni moja baada ya nyingine. Kingo za mbao mbili zisipolingana, maji hupata njia. Pamba ya kalafati huziba mwanya mwembamba, lakini haiwezi kurekebisha ubao uliorandwa vibaya. Mawimbi yanapochafuka usiku, kosa hilo dogo huweza kugharimu maisha.

Ndiposa swala la zana za mkono si la mapambo wala la kumbukumbu tu. Katika masoko ya vitu kuukuu kama Kibuye mjini Kisumu, ambalo hufurika watu siku ya Jumapili, na Gikomba jijini Nairobi, randa na misumeno ya kale hutandazwa chini pamoja na spana, bawaba na vipuri vya baiskeli. Miongoni mwa zana hizo huweza kuwamo zilizoundwa Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Asiyezitambua huona kutu tu, naye mnunuzi wa vyuma chakavu huziweka kwenye mizani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitambua, kuzisafisha na kuzihifadhi kabla hazijaishia tanuuni.

Wakusanyaji wa aina mbili

Nchini Marekani, kukusanya zana za kale ni uraibu wenye historia ndefu. Chama cha Early American Industries Association, ambacho huchunguza zana na ufundi wa kale wa taifa hilo, kilianzishwa mwaka wa 1933. Wanaoshiriki uraibu huo huzunguka katika masoko ya wazi ambako watu huuza na kubadilishana vitu vya zamani, wakitafuta majina na namba zilizochongwa katika chuma.

Wakusanyaji hao ni wa aina mbili. Wa kwanza hutafuta zana ya kuweka rafuni. Kwake yeye, kasha la asili na rangi ambayo haijachubuka huongeza bei. Wa pili hutafuta zana ya kufanyia kazi, na kwake swali ni moja tu: je, itakata? Kwa fundi wa ziwani, njia ya pili ndiyo yenye faida. Hata hivyo, hana budi kuazima elimu ya yule wa kwanza, maadamu alama zilizo kwenye chuma ndizo humwambia zana ilitoka wapi, lini, na kama vipande vyake ni vya asili.

Chuma cha Marekani katika nyanda za ziwa

Huenda msomaji akauliza zana za Marekani zilifikaje pwani ya Ziwa Victoria, ilhali Kenya ilitawaliwa na Waingereza. Ukweli ni kwamba chuma cha Marekani kilianza kuingia humu mapema. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, ilinunua magari ya moshi kutoka kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia. Aidha, madaraja 27 marefu ya chuma katika sehemu ya Mau yalijengwa na kampuni ya American Bridge. Reli hiyo pia ilileta zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka Bara Hindi, wakiwamo maseremala na wahunzi. Baadhi yao walibaki nchini na ufundi wao.

Njia ya pili ni ya Uingereza yenyewe. Kampuni ya Stanley ya Marekani iliingia Sheffield, mji mkuu wa visu na zana nchini Uingereza, katika miaka ya 1930 na kuanza kutengeneza randa zake huko. Kwa hiyo randa nyingi za Stanley katika makoloni ya Uingereza zina jina la Kimarekani lakini zimeandikwa kwamba ziliundwa Uingereza. Hizo si bandia. Ni za ukoo mmoja na zile za Marekani, na zilizo nzima hufanya kazi vyema.

Njia ya tatu ni ya misaada. Shirika la Tools for Self Reliance, lililoanzishwa Uingereza mwaka wa 1979, lilikusanya zana kuukuu, likazikarabati na kuzituma kwa mafundi wa Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Tools With A Mission, pia la Uingereza, limefanya kazi kama hiyo. Zana zikishafika hubadilisha mikono mara nyingi, hadi pale zinapotandazwa sokoni bila yeyote kujua safari yake.

Jinsi ya kusoma randa

Randa ya chuma inayojulikana zaidi duniani ilibuniwa na Leonard Bailey, ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka wa 1869. Kampuni hiyo ilikuwa na makao yake New Britain, jimbo la Connecticut. Ubunifu wa Bailey ulimwezesha seremala kushusha na kupandisha kisu kwa kuzungusha gurudumu dogo la shaba, badala ya kugongagonga kabari kwa nyundo. Mpangilio huo ungali unatumiwa katika randa mpya hadi leo.

Jambo la kwanza la kutazama ni namba iliyo kwenye chuma, karibu na kishikio cha mbele. Namba 4 ina urefu wa sentimita 24 hivi na ni ya kulainisha. Namba 5, yenye takriban sentimita 35, ni ya kazi nyingi. Namba 7, yenye takriban sentimita 56, ni ya kunyoosha kingo ndefu za mbao. Kwa mjenzi wa mashua, namba 7 ni lulu, kwani randa fupi hufuata mabonde ya ubao ilhali ndefu huyapita na kukata vilima peke yake. Kingo hunyooka, na mbao mbili hukutana bila kuacha mwanya.

Jambo la pili ni tarehe. Ondoa kisu kisha tazama nyuma ya kipande kinachokiegemeza. Ukiona tarehe tatu za hataza, yaani Machi 25, 1902, Agosti 19, 1902 na Aprili 19, 1910, yamkini randa hiyo iliundwa kati ya 1910 na 1918. Wengi hupotoka hapa kwa kudhani kuwa tarehe ya hataza ndiyo ya kuundwa kwa zana. Hataza huonyesha tu kwamba zana haikuundwa kabla ya siku hiyo. Kadhalika, tundu la bolti katika kifuniko cha kisu huonyesha umri: tundu lenye umbo la figo lilianza kutumiwa mwaka wa 1933, na yaliyotangulia yalikuwa na umbo la tundu la ufunguo.

Jambo la tatu, ambalo ni kubwa kuliko tarehe, ni uzima. Randa hizi ni za chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika kikiangushwa juu ya mwamba. Chunguza pembe za mdomo ambamo kisu hutokeza, pamoja na kuta za pembeni. Ufa mwembamba kama unywele hutosha kuifanya randa isifae, kwa sababu chuma cha kusubu ni kigumu kuchomelea na mara nyingi hupinda kwa joto. Kisha weka rula iliyonyooka kwenye uso wa chini na uinue juani. Mwanga ukipita katikati kwa wingi, uso umepinda.

Msumeno na keekee

Kwa misumeno, jina linaloheshimiwa zaidi ni Disston. Henry Disston alianza kazi hiyo Philadelphia mwaka wa 1840, na kiwanda chake kikaja kuwa miongoni mwa vikubwa zaidi duniani katika fani hiyo. Familia yake iliuza kampuni mwaka wa 1955. Tazama medali ndogo ya shaba kwenye mpini. Maandishi yake yalibadilika kadiri miaka ilivyosonga, na wajuzi huyatumia kukadiria umri. Hata hivyo, mpini huweza kuhamishwa kutoka msumeno mmoja hadi mwingine, hivyo medali pekee si ushahidi kamili. Nembo iliyochorwa kwenye bamba la chuma ndiyo huthibitisha, nayo mara nyingi hujificha chini ya kutu.

Ili kupima chuma, shika mpini na ukunje bamba taratibu liwe kama upinde, kisha uliachilie. Bamba zuri hurudi likiwa limenyooka. Lililobaki limepinda lilishawahi kukunjwa vibaya. Pia tazama meno. Msumeno wa kupasua ubao kwa urefu una meno yanayochonga kama patasi ndogo, ilhali wa kukata kwa upana una meno yanayochanja kama visu. Meno butu si hoja, kwani tupa ya pembe tatu huyarudisha. Meno yaliyovunjika kwa wingi au mashimo ya kutu karibu na makali ndiyo ya kuepukwa.

Keekee ya mkono nayo haifai kudharauliwa, hasa mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha. Kampuni ya Millers Falls ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka wa 1868, ilijipatia sifa kwa keekee zenye taya zilizobuniwa na William Barber mwaka wa 1864. Zungusha mkono wake na usikilize. Fungua taya uone kama mbili zipo na zinabana sawasawa. Taya zikipotea, keekee huwa haina kazi.

Kuondoa kutu bila kuua zana

Zana nyingi huharibiwa na anayetaka kuzitengeneza. Kosa kubwa ni kuzipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kunoa inayozunguka kwa kasi. Joto likizidi, makali hugeuka rangi ya samawati, na hapo ugumu wa chuma cha pua huwa umetoweka; fundi atakinoa kisu kila saa na hakitashika makali. Kosa la pili ni kutumia asidi ya betri, ambayo huchoma ngozi na macho na kula chuma pamoja na kutu.

Njia salama ni hii. Fungua zana na upange vipande kwa utaratibu ili usipoteze skrubu, kwani nyuzi za skrubu za Stanley za kale si za kawaida na mbadala hazipatikani dukani. Lainisha kutu kwa mafuta ya taa. Vipande vya chuma vyenye kutu nene huweza kulowekwa katika siki usiku mmoja, kisha visuguliwe kwa brashi, vioshwe kwa maji yenye magadi, vikaushwe mara moja na kupakwa mafuta. Usiloweke mpini wa mti wala kipande chenye rangi ya asili. Kwa bamba la msumeno, zungushia msasa laini kwenye kipande cha mbao kilichonyooka na usugue kwa wepesi, ili nembo isifutike. Noa kisu kwa kinoo na maji. Hatimaye, hifadhi zana mahali pakavu, ikiwa imepakwa mafuta, kwani unyevu wa ziwani haulali.

Mizani na sheria

Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo kuwa na leseni na kuweka rekodi za anachonunua. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, na ikairuhusu tena kwa masharti Mei mwaka huo huo. Sheria hiyo inalenga wizi wa nyaya na reli. Haimzuii mjane wa seremala kuuza sanduku la marehemu kwa kilo. Ulinzi wa zana hizo uko mikononi mwa wanaozitambua.

Ikumbukwe pia kwamba ufundi wa mkono haujapitwa na wakati. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walizindua Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa kwa mbinu za ujenzi wa majahazi ya mbao. Mwaka wa 2021 jahazi hilo lilisafiri katika Ziwa Victoria. Mali ghafi ilikuwa mpya, lakini mikono ilikuwa ya mafundi wa kale.

Karibu na Remba, katika Kisiwa cha Mfangano, kuna Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambayo huhifadhi turathi za jamii iliyoishi kwa maji na mitumbwi tangu jadi. Zana iliyovunjika isiyoweza kukata tena yafaa ipelekwe mahali kama hapo, ikiandikwa jina la aliyeitumia na mashua alizojenga. Ile iliyo nzima isipelekwe makavazini wala kwenye mizani. Inoliwe, ipakwe mafuta na irudishwe ufuoni, ambako kuna ubao unaosubiri kunyooshwa na watu watakaopanda mashua hiyo.