Reindia na Karibuu ni Mnyama Mmoja, Wacha Kubishana

Msee, reindia na karibuu (si ile ya kukaribisha wageni) ni spishi moja, Rangifer tarandus. Ulaya na Siberia wanaitwa reindia, na wengi wamefugwa. Wasami wa Norway, Uswidi na Finland huwatoa nyama, ngozi, hadi kuvutwa kwa theluji. Canada na Alaska ni karibuu, wa pori, hawajawahi fugwa.

Na hao wa pori wanaisha mbaya. Kundi la George River, Canada, lilikuwa na kama 800,000 miaka ya 90. Siku hizi hawafiki 10,000.

Kitu ingine: majike pia huota pembe. Kufikia Disemba madume wakubwa wengi washaangusha zao, majike wanakaa nazo hadi wazae. So wale wa Santa? Pengine ni madem.