Pikapu ya Kale na Mkono wa Fundi

Kila chombo kilichoundwa na watu kina historia mbili. Ya kwanza ni historia ya kiwanda kilichokitoa. Ya pili ni historia ya mikono iliyokitumia. Aghalabu historia hizi hupatana, lakini ziko siku ambazo hugombana, na ugomvi wao huonekana wazi katika karakana ya fundi aliyepata pikapu kuukuu, iliyoliwa na kutu, akataka kuifufua. Je, airudishe kama ilivyotoka kiwandani, au aibadili ipendeze macho yake na kufaa barabara za siku zake? Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza tujue pikapu ilizaliwaje.

Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T katika Marekani. Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20 tu, lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi, limeinuka juu ya matope, na lilitengenezeka kwa spana chache. Wakulima walilipenda upesi. Walakini mkulima hana watu peke yao wa kuchukua. Ana magunia ya nafaka, makopo ya maziwa, mbao na mifugo. Basi wengi waling'oa sehemu ya nyuma ya gari, wakaenda kwa seremala au mhunzi kuundiwa sanduku la mizigo. Hata Ford alipotoa chasisi ya lori la tani moja, Model TT, mwaka 1917, kwa miaka kadha mnunuzi aliachiwa kujitafutia bodi yake mwenyewe.

Kiwanda kiliona kazi hiyo ya vijijini, nacho kikajifunza. Mwezi wa Aprili mwaka 1925 Ford alianza kuuza Model T yenye sanduku la chuma nyuma, tayari kwa kazi, kwa dola 281. Katika mwaka huo wa kwanza zilitengenezwa zaidi ya 33,000. Hapa pana jambo la kutiliwa maanani: mhunzi hakumwiga Ford, Ford ndiye aliyemfuata mhunzi. Pikapu ilikuwa gari lililobadilishwa kabla ya kuwa gari lililotoka kiwandani.

Mwaka 1932 Ford alitoa injini ya V8 ya bei nafuu, yenye nguvu za farasi 65, na vijana wa California wakapata kitu cha kuchezea. Walinunua magari yaliyochakaa, wakayapunguzia uzito, wakayaongezea nguvu, kisha wakashindana mbio juu ya maziwa yaliyokauka, kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha kusimamia mashindano hayo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, viwanda vya Detroit viligeuzwa kuwa viwanda vya zana za kivita, na vijana wengi waliorejea kutoka vitani walirudi na ustadi wa kuchomelea chuma na kurekebisha injini. Mwezi wa Januari mwaka 1948 likatoka gazeti lao, Hot Rod. Wakati huo huo pikapu mpya zilianza kuonekana: Chevrolet zenye umbo la mviringo mwaka 1947, na Ford F-1 mwaka 1948. Hizo ndizo pikapu ambazo mafundi wa leo huzitafuta kwa hamu kubwa katika mabanda na mashamba.

Kazi ya kufufua pikapu ya namna hiyo yataka subira kuliko nguvu. Fundi mwema hashiki msasa kwanza; hushika kalamu. Huandika kila kipande kilikokaa, hupiga picha, hufunga nati na boliti katika mifuko yenye majina. Kisha hutenga bodi na chasisi, akapuliza mchanga kuondoa kutu. Kutu ni mwongo. Huonekana kama doa dogo juu ya rangi, kumbe chini yake bati limekwisha. Palipooza hukatwa, na bati jipya huchomelewa mahali pake. Mbao za sakafu ya sanduku hubadilishwa, mpira wa breki ulioganda hutupwa, na waya za umeme zilizopasuka huvutwa upya. Rangi ambayo mpita njia huisifu ndiyo kazi ya mwisho.

Lakini kabla ya kufika huko, njia hupanda. Chevrolet ya mwaka 1947 ilikuwa na umeme wa volti 6, breki za ngoma, na injini ya silinda sita iliyofaa mwendo wa shambani. Fundi wa kwanza husema, 'Iache ilivyo. Inasimulia zama zake.' Fundi wa pili husema, 'Nitaitia V8, breki za diski na umeme wa volti 12, ili niende nayo sokoni pamoja na watu wengine nisiwaue.' Wa kwanza humwita wa pili mharibifu. Wa pili humwita wa kwanza mlinzi wa makaburi.

Kila mmoja ana haki yake. Chuma kilichokatwa hakirudi, na katika miaka ya 1950 magari mengi mazuri yalikatwa ovyo kwa kuwa hakuna aliyedhani yangepata kuadimika. Lakini kudai kwamba umbo la kiwandani ndilo peke yake la kweli ni kusahau mhunzi wa kijijini aliyeanzisha pikapu.

Sisi katika Kenya tunao mfano wa karibu. Baada ya mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu, pikapu nyingi ziligeuzwa. Mafundi wa jua kali waliziundia bodi za mabati, wakazipachika mabenchi na mlango wa nyuma, nazo zikawa magari ya umma. Tuseme leo moja ya pikapu hizo imepatikana, na fundi mwenye nia njema akairudisha kama ilivyotoka kiwandani Ulaya. Angeng'oa mabati na mabenchi yale kama takataka. Gari lingeng'aa, lakini angekuwa amefuta historia ya watu waliopanda juu yake kwenda kazini, na ya fundi aliyeiunda bodi ile kwa nyundo. Kwa kusafisha, angeharibu.

Basi swali lililo bora si, 'Ilitokaje kiwandani?' bali ni, 'Imepitia nini, na ni lipi kati ya hayo litakalopotea nikiligusa?' Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, limeandika katika Hati yake ya Turin mafundisho yanayokaribiana na hayo: gari liguswe kwa kadiri ndogo iwezekanavyo, na kila badiliko liandikwe. Fundi akitaka breki mpya, na atie, kwa maana uhai wa watu ni bora kuliko chuma; lakini aziweke zile za kale rafuni, aandike siku na sababu, wala asitoboe fremu pasipo lazima.

Wahenga walisema cha kale dhahabu. Lakini dhahabu hupimwa kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu baada ya moto hakuna awezaye kusema ilikuwa pete au mkufu. Ajuaye kupima hivyo amekwisha kuwa mwanahistoria, hata kama mikono yake imejaa grisi.